Kidonge cha Rafiki

Siku ile tulikuwa kwenye kongamano la akina mama wa usharika wetu. Wageni walikuwa wengi, uwanja ulikuwa umefagiliwa alfajiri na vumbi lilikuwa bado halijatua, na kwaya zilikuwa zikisubiri zamu zao chini ya mwembe. Sisi watatu wa kikundi cha afya tulikaa kwenye meza yetu ya kupimia presha, kama tufanyavyo kila mwaka. Ndipo alipokuja dada mmoja, mwimbaji wa sauti ya kwanza, akatunyooshea mkono. Vidole vyake vilikuwa vikitetemeka.

“Shikamooni dada zangu. Hebu nipimeni, moyo unaniendea mbio tangu asubuhi.”

Tulimpima. Presha ilikuwa nzuri. Mapigo ya moyo yalikuwa 112 kwa dakika. Mmoja wetu alicheka, akamwambia, “Mdogo wetu, hiyo ni hofu ya kusimama mbele ya watu. Ukimaliza ubeti wa kwanza utatulia.” Naye akacheka, akashukuru, akaenda zake.

Hatukumwuliza swali hata moja.

Baada ya chakula cha mchana tuliitwa mbio nyuma ya ukumbi. Tulimkuta ameketi kwenye benchi, mikono juu ya magoti, mabega yamepanda, na kifua kinalia kama filimbi. Alitaka kutuambia jambo, lakini hakuweza kutamka maneno matatu bila kutafuta pumzi. Mkononi alishika kichupa chake cha kuvuta dawa ya pumu, na alikuwa amekwisha kukibonyeza mara nyingi bila nafuu. Kando yake alisimama rafiki yake wa sauti ya pili, analia.

“Nimempa kidonge kimoja tu, jamani! Ni changu cha moyo kwenda mbio. Mimi hunisaidia sana, nikaona nisimwache mwenzangu ateseke.”

Ndani ya mkoba wake ilikuwamo pakiti ya propranololi, miligramu 40.

Mpendwa msomaji, dada yule alipona, na mwishoni mwa makala haya tutakueleza jinsi alivyopona. Lakini kwanza twataka tujibu swali ambalo akina mama wengi walituuliza baada ya siku ile: Inawezekanaje kidonge kinachomsaidia mmoja kila siku kikamfunga mwingine pumzi? Je, kilikuwa kimeharibika? La hasha. Kilikuwa kizima, na kilifanya kazi yake barabara. Tatizo ni mahali kilipofanyia kazi hiyo.

VIUNGO VISIVYONGOJA AMRI

Ukitaka kuinua kikombe cha chai, unaamua, na mkono unatii. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuuamrisha moyo wake upige? Nani huliambia tumbo lisage chakula, au huiambia mboni ya jicho ijifinye anapotoka nje juani? Mambo hayo hutendeka tukiwa macho na tukiwa usingizini. Mtoto mchanga huyafanya, na bibi wa miaka tisini huyafanya.

Kazi hiyo huongozwa na sehemu maalumu ya mishipa ya fahamu, yaani neva. Wataalamu huiita mfumo wa neva zinazojiendesha zenyewe. Mfumo huo una pande mbili. Upande wa kwanza huitwa simpathetiki, na wa pili parasimpathetiki. Kwa kuwa majina hayo ni mazito, sisi tunapofundisha akina mama huita upande wa kwanza mkono wa haraka, na wa pili mkono wa utulivu.

Mkono wa haraka ndio unaoamka unapokutana na nyoka njiani. Moyo hupiga kwa nguvu na kwa kasi. Mirija ya hewa kifuani hupanuka ili upate pumzi ya kukimbilia. Mboni za macho hutanuka. Kinywa hukauka, tumbo husimamisha kazi yake, na kibofu hushikilia mkojo. Tezi ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, na habari ya hatari hufika mwili mzima kwa sekunde chache.

Mkono wa utulivu hushika zamu umekwisha kula na kujinyoosha kivulini. Moyo hupunguza mwendo. Mate hutoka, tumbo husaga, utumbo husukuma, kibofu hujikamua unapokwenda haja ndogo. Mboni hujifinya. Mirija ya hewa nayo hujibana kidogo, kwa sababu aliyepumzika hahitaji hewa nyingi kama anayekimbia.

Mikono hii miwili haigombani. Yote miwili hufanya kazi wakati wote, kama mama wawili wanaosonga ugali wa harusi katika sufuria moja: huyu akikaza, yule analegeza kidogo, na sufuria haipinduki. Afya njema ni pale mikono yote miwili inaposikilizana.

NDOTO YA PROFESA NA MIOYO YA VYURA

Kwa miaka mingi wataalamu walibishana juu ya namna neva inavyozungumza na moyo. Wengine walidhani ni umeme mtupu. Aliyetoa ushahidi mkubwa ni Otto Loewi, profesa wa chuo kikuu cha Graz, nchini Austria. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba jaribio lake lilimjia ndotoni. Usiku wa kwanza aliamka, akaliandika kwenye karatasi, akalala tena. Asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake mwenyewe! Usiku uliofuata wazo lile lilirudi, naye hakungoja kukuche, akaenda moja kwa moja maabara.

Alichukua mioyo miwili ya vyura ambayo ilikuwa bado inapiga ndani ya maji ya chumvi. Aliisisimua neva ya utulivu ya moyo wa kwanza, na moyo ule ukapunguza mwendo. Kisha akachukua maji yaliyouzunguka na kuyatia kwenye moyo wa pili, ambao haukuguswa neva yoyote. Na huo nao ukapunguza mwendo. Maana yake ni kwamba neva ilikuwa imemwaga kitu ndani ya maji, na kitu hicho ndicho kilichobeba ujumbe. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1921. Mjumbe yule baadaye alitambuliwa kuwa ni asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale wa Uingereza.

Basi leo twajua kwamba mkono wa utulivu hutuma asetilikolini, na mkono wa haraka hutuma zaidi noradrenalini na adrenalini. Jasho ni jambo la pekee: huamshwa na mkono wa haraka, lakini mjumbe wake ni asetilikolini. Likumbuke jambo hilo, kwa maana tutalihitaji mbele kidogo.

KITASA NA UFUNGUO

Mjumbe akifika kwenye kiungo, hapokelewi popote tu. Kuna vipokezi vyake. Fikiria kitasa cha mlango na ufunguo wake. Mjumbe ni ufunguo. Ukiingia na kuzunguka, mlango hufunguka na kazi huanza.

Mwaka 1948 mtaalamu wa Marekani, Raymond Ahlquist, alionyesha kwamba ufunguo wa adrenalini hauna kitasa cha aina moja tu. Aliviita vitasa hivyo alfa na beta. Baadaye ikajulikana kwamba hata vile vya beta vimegawanyika. Beta ya kwanza iko zaidi moyoni, nayo huuharakisha moyo. Beta ya pili iko kwa wingi kwenye mirija ya hewa, nayo huipanua. Iko pia kwenye misuli ya mikono na miguu.

Sasa, dawa nyingi tulizonazo majumbani ni za namna mbili. Kuna dawa zinazofanana na ufunguo, zikaingia na kufungua. Na kuna dawa zinazoingia kwenye tundu zikakaa hapo bila kuzunguka, hata ufunguo wa kweli ukija ukakosa nafasi.

Salbutamoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Ventolin, ni ya namna ya kwanza. Ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960. Hufungua beta ya pili kifuani, na mwenye pumu hupata hewa. Lakini ikivutwa mara nyingi, hugusa pia misuli na moyo, na hapo mikono hutetemeka na mapigo huenda mbio.

Propranololi ni ya namna ya pili. Ilitokana na kazi ya James Black, mwanasayansi kutoka Uskoti, katika miaka ya 1960, naye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Ni dawa iliyowasaidia watu wengi sana duniani. Hutumika kwa baadhi ya magonjwa ya moyo, kutetemeka mikono, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na kuzuia kipandauso. Lakini haichagui. Huziba beta ya kwanza ya moyoni na beta ya pili ya kifuani kwa pamoja.

Je, umekwisha kuona kilichompata dada yetu?

TULICHOPASWA KUULIZA

Vumbi la asubuhi ile lilimwamsha pumu. Tangu alfajiri alikuwa amevuta dawa yake mara nane, akijitahidi asikose zamu ya kwaya. Dawa ilimfungua kifua, lakini pia iliuharakisha moyo na kumtetemesha vidole. Haikuwa hofu ya kuimba. Ilikuwa ni dawa, na nyuma ya dawa kulikuwa na pumu iliyoanza kuchacha. Dalili hizo aliziweka mezani petu, nasi tukazicheka. Hilo tunalikiri kwa uchungu, maana sisi ndio tuliosomea.

Alipotoka kwetu bila msaada, akamlalamikia rafiki yake, naye akampa alichokuwa nacho. Kidonge kilipokwisha kuingia katika damu, kilikaa kwenye vitasa vya moyo, na kweli moyo ukaanza kutulia. Lakini kilikaa pia kwenye vitasa vya kifua. Mkono wa haraka, uliokuwa ukiishikilia mirija ya hewa isijibane, ukafungwa. Mkono wa utulivu ukabaki peke yake, ukiibana mirija bila mpinzani. Aliponyakua kichupa chake na kuvuta, dawa ilifika mlangoni ikakuta tundu limeshazibwa. Ndiyo sababu alibonyeza na kubonyeza bila nafuu.

Tulimkalisha wima, tukamlegeza nguo, na gari la mchungaji likatupeleka hospitalini. Ile pakiti tuliichukua pamoja nasi, na hilo ndilo jambo moja tulilolifanya sawasawa siku ile. Daktari alipoiona alielewa mara moja. Alimpa oksijeni, akamchoma sindano ya kutuliza uvimbe wa mirija, akamvutisha mvuke wa salbutamoli pamoja na dawa nyingine iitwayo ipratropiamu.

Ipratropiamu haishughuliki na vitasa vya mkono wa haraka. Huenda upande wa pili, ikaziba vitasa vya asetilikolini kifuani, yaani huushika mkono wa utulivu uache kubana. Mlango mmoja ulipozibwa na kidonge, daktari alipitia mlango wa pili. Jioni dada yetu aliweza kutamka sentensi nzima. Alilala hospitalini siku mbili.

VIDONGE VYA NYUMBANI

Labda wewe msomaji huna pumu, nawe unasema hayakuhusu. Tafadhali fungua sanduku lako la dawa, tulitazame pamoja.

Tuanze na dawa zinazoushika mkono wa utulivu. Buscopan ya maumivu ya tumbo yanayokaza hufanya kazi hiyo: hulegeza utumbo uliojikunja. Piriton ya mzio na mafua ina sehemu ya tabia hiyo, na amitriptilini, inayotolewa kwa huzuni kubwa au maumivu ya neva, inayo kwa wingi zaidi. Kijana akimeza moja ya hizo, atalalamika kukaukwa na mdomo tu. Lakini mzee akimeza mbili au tatu kwa pamoja, choo hufunga, macho huona ukungu, na kichwa huweza kuchanganyikiwa hata watoto wakadhani ni uzee umemwingia ghafla. Baba mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kushindwa kabisa kupata haja ndogo, kwa sababu kibofu kimenyimwa ule mkono unaokikamua. Tumewahi kumpokea mzee mmoja aliyekesha na kibofu kilichojaa, na chanzo kilikuwa vidonge vya mafua alivyonunuliwa na mwanawe kwa nia njema.

Kuna pia dawa za mafua zinazousukuma mkono wa haraka. Pseudoefedrini huikaza mishipa ya damu puani, na pua hufunguka. Lakini haikazi ya puani tu. Mwenye presha isiyotulia anaweza kupandishwa presha nayo, na wengine hukosa usingizi.

Hata tone la jicho si jambo dogo. Timololi hutolewa kwa wenye presha ya macho, nayo ni ndugu wa propranololi. Kutoka jichoni, dawa hupita kwenye kijitundu kidogo kinachopeleka machozi puani, ikaingia katika damu. Tone hilo limewahi kuwabana kifua wenye pumu. Ukiandikiwa tone la macho na una pumu, mwambie daktari kabla hujalitumia. Na anayelitumia kwa haki afumbe jicho na kubonyeza taratibu pembe yake ya upande wa pua kwa dakika mbili, ili dawa ibaki jichoni inakotakiwa.

Wenye kisukari nao wana neno lao. Sukari ikishuka, mkono wa haraka hupiga kengele: mikono hutetemeka, moyo huenda mbio. Propranololi huweza kuizima kengele hiyo. Jasho hubaki, kwa kuwa mjumbe wa jasho ni asetilikolini. Mgonjwa anayetumia dawa hizo mbili afundishwe kulisikiliza jasho lake.

SHAMBANI NA JIKONI

Mkono mmoja ukishikwa kupita kiasi, huwa ni sumu. Akina mama wa vijijini wazijue sumu mbili ambazo dalili zake hupingana.

Ya kwanza ni dawa za kuua wadudu za jamii ya oganofosfeti. Mwilini mna kimeng’enya ambacho kazi yake ni kumwondoa asetilikolini akishamaliza ujumbe wake. Sumu hii hukifunga kimeng’enya hicho. Wajumbe hurundikana, na mkono wa utulivu hukaza bila kuachia. Mtu hutokwa na mate, machozi na jasho. Hutapika, huharisha, hujikojolea. Mboni zake huwa ndogo kama kichwa cha pini. Na kifua hujaa majimaji hata akakosa pumzi.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo baada ya kupulizia shamba au kunywa dawa, mtoe mahali pale penye sumu. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, mvue nguo zote zilizolowa, umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Usimtapishe, wala usimnyweshe maziwa. Mkimbize hospitalini, na kopo la dawa ulichukue ukalionyeshe. Usiweke kamwe dawa ya shamba kwenye chupa ya soda.

Ya pili ni mnanaha. Ni mmea unaojiotea kando ya njia, jalalani na katikati ya mahindi. Maua yake ni marefu kama tarumbeta, na tunda lake lina miiba, na ndani yake mna mbegu nyingi ndogo. Mna atropini na skopolamini, ambazo huviziba vitasa vya asetilikolini. Aliyekula huwa kinyume cha yule wa kwanza: kinywa kikavu, ngozi kavu yenye joto, mboni zimetanuka, moyo mbio, mkojo hautoki, naye hunena na watu wasiokuwapo. Wengine hudhani amepagawa, wakakawia kumpeleka kwa daktari.

Mwaka 2019, huko Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, watu wapatao 300 waliugua ghafla baada ya kula unga wa lishe uliogawiwa kama chakula cha msaada. Walichanganyikiwa, na wengine walizirai. Watu 5 walifariki. Uchunguzi ulikuta ndani ya unga ule atropini na skopolamini, sumu zile zile za mimea ya jamii ya mnanaha. Kwa hiyo mama anayepepeta nafaka na kuchagua mbegu ngeni anailinda familia yake. Wafundisheni watoto wasichezee tunda lile lenye miiba.

Na hapa pana jambo la kutafakari. Mgonjwa wa sumu ya wadudu akifika hospitalini, dawa anayochomwa kwanza ni atropini, ile ile iliyomo katika mnanaha. Huviziba vitasa ambavyo asetilikolini imevizidia nguvu, na daktari huendelea kuiongeza mpaka kifua kikauke. Katika sahani ya uji iliua, na katika sindano huokoa. Kinachotofautisha ni kipimo, na mgonjwa mwenyewe.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Usimeze kidonge alichoandikiwa mwingine, hata kama dalili zenu zinafanana. Moyo wako kwenda mbio unaweza kutokana na pumu, upungufu wa damu, homa, tezi ya shingo au sukari kushuka, na kila kimoja kina tiba yake.

2. Unapokwenda zahanati au duka la dawa, taja dawa zote unazotumia. Dawa ya kuvuta ni dawa. Tone la jicho ni dawa. Mizizi uliyochemshiwa na shangazi nayo ni dawa. Ukiwa na pakiti, nenda nayo.

3. Sema mapema kama una pumu, kisukari, presha au presha ya macho, au kama una mimba au unanyonyesha.

4. Ukiona unahitaji kuvuta dawa ya pumu mara nyingi kuliko kawaida, hiyo ni alama ya hatari. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Usingoje zamu yako ya kuimba ipite.

5. Usiache ghafla dawa ya moyo uliyoandikiwa kwa sababu ya kusoma makala haya. Kuiacha ghafla kunaweza kurudisha mapigo ya kasi na maumivu ya kifua kwa nguvu zaidi. Rudi kwa aliyekuandikia, umwulize.

Hilo la mwisho tulilazimika kumwambia rafiki wa sauti ya pili. Siku ya tatu baada ya kongamano alikuja kwetu na pakiti yake, akasema atavitupa vidonge vyote chooni, hataki kuviona tena. Tulimkalisha. Tukamweleza kwamba kwake yeye, asiye na pumu, aliyepimwa na kuandikiwa, kidonge kile ni rafiki wa kweli. Alilia tena, akauliza kama mwenzake atamsamehe. Hakujua kwamba mwenzake alikuwa ameketi chumba cha pili akisubiri kupimwa kifua. Tulifungua mlango, tukatoka, tukawaacha wenyewe.

Tangu siku ile meza yetu ya presha ina daftari jipya. Kabla hatujafunga kitambaa cha mashine mkononi mwa mtu, tunamwuliza maswali matatu na kuyaandika majibu: Una ugonjwa gani wa siku nyingi? Umetumia dawa gani tangu jana? Ni nani aliyekupa? Ni maswali ya dakika mbili. Foleni imekuwa ndefu kidogo, na baadhi ya akina mama hunung’unika kwamba jua ni kali. Rafiki wa sauti ya pili ndiye huwatuliza. Amejitolea kushika daftari, na mtu akimwambia moyo unamwendea mbio, hafungui tena mkoba wake. Humshika mkono, akamleta mezani.